Nikiwa Bado na Akili Zangu

Sendai, 14 Aprili

Mdogo wangu Takehiro,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti ya mama yamepata nafuu sasa baridi ikiwa imewaachia. Huku kwetu baridi bado haijaaga. Maua ya sakura hayajafunguka na shemeji yako Nobuyuki analala na soksi. Kifurushi cha mama cha figili za chumvi kilifika salama. Mwambie mkwewe kala robo tatu peke yake, maana mimi tumbo langu siku hizi lina deko, nimeambiwa nipunguze chumvi.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Nataka uache pombe yako ya sake, na nataka uanze kukimbia kila asubuhi. Cheka kwanza, ukimaliza endelea kusoma.

Unajua kazi yangu. Nyuma ya paji la uso kuna sehemu ya ubongo ambayo kazi yake ni kusema "ngoja". Mtu akinywa miaka mingi, sehemu hiyo hulegea. Anajua kabisa anachofanya, ila breki hazishiki. Nimewatazama panya maisha yangu yote, na sijaona kitu kinachoirudishia nguvu kama miguu inayokwenda mbio. Moyo ukipiga kwa nguvu, ubongo nao hupata chakula chake. Panya aliyekimbia hungoja. Aliyelala tu hudaka kilicho mbele yake.

Usinipigie simu. Kwenye simu una ulimi wa asali, na nimeshalishwa asali hiyo vya kutosha. Andika kwa mkono wako mwenyewe. Herufi za mtu aliyekunywa nazijua.

Wala usiniulize kwa nini sasa.

Dada yako,
Chizuru

*

Kuwanotani, Kochi
2 Mei

Dada, profesa wa panya,

Salamu nyingi kutoka bondeni. Mama mzima, jana kapanda hadi makaburini bila fimbo, akarudi analalamika kwamba wafu wetu wamejengewa juu mno. Malimau yetu ya yuzu yanakaribia kuchanua. Nguruwe pori wamelifukua shamba la chini, na mmoja nilimfukuza mpaka mtoni, kwa hiyo hesabu mbio nimeshaanza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa sijanywa. Halafu nikampigia shemeji. Umenikataza kukupigia wewe, hukusema yeye. Akalia. Mwanaume mzima, mkaguzi wa madaraja, analia kwenye simu kama mtoto aliyepotea sokoni.

Kaniambia yote. Kwamba mwili wako umeligeukia ini lako wenyewe na kulila, wewe ambaye hata siku ya harusi yako ulilowesha midomo tu. Kwamba umewekwa kwenye foleni ya maini ya marehemu na foleni haisogei. Kwamba kilichobaki ni kipande kutoka kwa ndugu aliye hai, na yeye vipimo vimemkataa, na mama umri umempita. Basi kabaki mtu mmoja. Na huyo mtu ukamwambia akimbie, kama anayemlisha bata bila kumwambia sikukuu ni lini.

Nimekasirika, dada. Ujue hilo.

Nimekwenda mjini nikapimwa. Daktari kasema damu zetu zinakubaliana, lakini ini langu limejaa mafuta, halikatwi likiwa hivi, litaniua mimi na wewe halitakufaa. Nikikauka kabisa pombe na mafuta yakatoka, mwisho wa mwaka linaweza kukatika. Kanipa vidonge vya wiki za kwanza. Unaona herufi zinavyocheza? Safari hii zinacheza kwa sababu sijanywa.

Takehiro

*

Sendai, 20 Mei

Mdogo wangu,

Shukrani kwa barua, na mpe pole mama kwa mlima. Sakura zilifunguka zikaanguka, sikuziona, nilikuwa wodini. Nobuyuki kaomba radhi kwa kulia. Mimi nimemwambia aombe radhi kwa kusema.

Una haki ya kukasirika. Lakini sikiliza. Hospitali ina sheria: mtoaji ajitolee mwenyewe. Mwisho wa yote utawekwa chumbani na daktari asiyehusika na mimi, atakuuliza kama kuna aliyekusukuma. Nikikuomba, nimekusukuma. Kwa hiyo sikukuomba, na leo pia sikuombi.

Kwa sababu hiyohiyo usimwambie mtu hapo kijijini. Baba mdogo Toramatsu akijua leo, kesho ukoo mzima utakuwa umekaa sebuleni kwako wanakutazama tumbo. Utashindwa kusema hapana hata ukitaka. Mimi nataka mpaka asubuhi ya kisu uwe na uwezo wa kusema hapana. Mama naye asijue. Atakufa kabla yangu.

Kuhusu hamu. Ikija, usipambane nayo ukiwa umekaa. Mtu aliyekaa hushindwa, nimeona hivyo kwa watu na kwa panya. Inuka, vaa viatu, toka. Hamu ni kama mvua ya mchana, ina kishindo lakini haikai. Ukirudi umelowa jasho utakuta imepita, na kila inapopita bila kupewa kitu, breki zinakaza kidogo. Hayo ndiyo yote ninayoyajua baada ya kusoma sana.

Nimesema sikuombi. Lakini naogopa, Takehiro. Usiku na mchana naogopa. Basi, nimeshasema.

Chizuru

*

Kuwanotani, 8 Agosti

Dada,

Habari za joto. Mama anashinda na miguu kwenye beseni la maji. Mashamba yako vizuri, yuzu zimekuwa na ukubwa wa macho ya ng'ombe, na nguruwe wamehamia kwa jirani, Mungu ambariki jirani.

Nakimbia. Kipaza sauti cha kijiji kikipiga wimbo wake wa saa kumi na mbili asubuhi, mimi nimeshafika darajani. Nilianza na viatu vya shambani, vile vya kidole gumba pembeni, mpaka kucha zikang'oka. Sasa nina raba. Vibibi vya kwenye mashamba ya chai vinanipigia kelele. "Takehiro, nani anakudai?" "Takehiro, mke kaonekana wapi?" Tangu Saori aniache, kila nifanyalo wanadhani natafuta mke. Nimewaambia ni sukari, daktari kaamuru. Nao kila mmoja kaniletea dawa yake ya sukari, chungu kuliko nyongo, na ninakunywa mbele yao.

Vipimo vya Julai: mafuta yamepungua nusu. Daktari kawaita wenzake waje watazame picha. Miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kuita mwenzake aje anitazame kwa wema.

Asubuhi ni rahisi. Jioni ndiyo kazi. Jua likishuka nyuma ya mlima, mdomo unakauka, nasikia mlio wa kizibo mahali ambapo hakuna chupa. Natoka nakimbia tena. Wiki iliyopita nilikimbia mpaka nikatapika kwenye mtaro, nikakaa hapo nikilia, halafu nikakimbia kurudi. Breki zako hizo bado sijazisikia, ila miguu naisikia.

Sasa kuna jambo. Mwaka huu zamu ya sikukuu ya hekalu la kijiji imeangukia nyumba yetu. Unajua maana yake. Mwenye zamu anamzungukia kila mgeni kwa kikombe, anakunywa, anakisuuza, anamrudishia, anapewa tena. Hakuna mwenye zamu aliyewahi kukaa mkavu tangu babu zetu. Uongo wa sukari hautanivusha hapo. Nusu yao wana sukari na wanakunywa. Niruhusu nimwambie baba mdogo peke yake. Neno moja tu. Yeye akijua, wengine atawanyamazisha. Nijibu kabla ya Novemba.

Takehiro

*

Sendai
Agosti, au Septemba

Unaniomba ruhusa. Unaniomba mimi ruhusa. Umekunywa tangu una miaka kumi na saba na ini lako linapona, mimi sikunywa na langu linaoza. Nieleze hiyo. Nieleze, wewe uliyebaki na nyumba na mama na shamba, nami nikapewa treni.

Usimwambie mtu. Usimwambie mtu. Unataka wakusifu. Unataka wakusikitikie wakujazie kikombe. Nakujua. Ulimwahidi Saori, akaondoka. Ulimwahidi baba yuko kitandani, akafa ukiwa umelala mlangoni na viatu.

Hilo ini ni langu. Unanitunzia tu. Kimbia, mbwa wewe. Panya wangu wana akili kuliko wewe. Kimbia. Usimwambie mtu. Kimbia

*

Sendai, 19 Oktoba

Mdogo wangu Takehiro,

Sijui nianzeje salamu. Mama yu mzima? Huku majani yameiva rangi. Niko nyumbani wiki hii. Nobuyuki amejifunza kupika uji.

Nobuyuki ananiambia mwisho wa Agosti nilimpa barua akaiposti. Sikumbuki kuiandika. Siku zile nilijikuta nimelala na koti la mvua, nikamtukana muuguzi matusi ambayo sikujua kuwa nayo. Hujajibu tangu hapo. Kwa hiyo maneno siyajui, lakini uzito wake naujua.

Nikueleze, ingawa maelezo si msamaha. Ini likishindwa kuchuja, sumu inapanda kichwani, na sehemu inayozama kwanza ni ileile ya nyuma ya paji la uso. Breki. Mtu anabaki na kila uchungu aliowahi kuumeza, bila mtu wa kusema "ngoja". Daktari aliponionyesha vipimo vya akili yangu, nilivitambua. Ndivyo nilivyokuwa nikiwapa wagonjwa wengine. Nilishindwa kuunganisha namba ambazo mtoto wa darasa la pili angeziunganisha. Sasa nimepewa dawa, kichwa kimerudi. Wanasema kitakwenda na kurudi, na kila mara kitachelewa zaidi.

Nisamehe kama unaweza. Kama niliyoyasema ni mawazo yangu, basi ni yale niliyoyafungia ndani maisha yangu yote ili nisikuumize. Nilidhani kujizuia ndiyo tabia yangu. Kumbe ilikuwa nyama tu, na nyama huharibika.

Barua yako ya Agosti siioni popote. Kama kulikuwa na swali ndani yake, uliza tena.

Mahojiano ya mtoaji yamepangwa katikati ya Desemba. Yakipita, upasuaji ni wiki moja baadaye. Bado unaweza kusema hapana.

Chizuru

*

Kuwanotani, 24 Novemba

Dada,

Samahani kwa kukaa kimya. Mavuno ya yuzu yalitubana, na mikono yangu imechanwa na miiba mpaka kushika kalamu ni adhabu. Mama mzima. Anasema uji wa Nobuyuki utakuua kabla ya ugonjwa. Ugonjwa gani hajui, anajua tu umekonda kwenye picha.

Ile barua niliichoma. Haikuwa na kitu. Nilicheka nilipoona herufi zako, mbaya kuliko zangu za enzi za ulevi.

Sikukuu imepita. Ngoja nikupe kichekesho. Nilijaza maji kwenye chupa moja ya udongo, nikajipangia kuwa nikifika kwa mgeni najimiminia kutoka hiyo. Nikavuka wageni wanane. Kwa baba mdogo Toramatsu nikakwama. Alikipokea kikombe nilichotoka kunywea, akakinusa, akaninusa na mimi.

"Hiki nini?"

"Sake, baba mdogo."

"Takehiro, mimi nimezaliwa ndani ya pipa. Hii mvua. Baba yako alipokuwa na zamu aliwazungukia watu wote, akamaliza amesimama wima. Wewe unatuzungushia maji, sisi ni samaki?"

Watu wakacheka. "Ana sukari," mmoja akasema. "Sukari mimi ninayo tangu hujazaliwa," baba mdogo akajibu. "Kama sisi hatukutoshi, sema. Mkeo hatukumtosha, na wewe hatukutoshi?"

Basi nikafanya ulichonifundisha. Niliinuka, nikavaa raba juu ya vazi la sherehe lenye alama ya ukoo, nikakimbia. Mchana kweupe, mwenye zamu anapanda barabara ya bwawa vazi likipepea nyuma, na vibibi vinashangilia. Nilikimbia mpaka njia panda ya juu. Niliporudi walikuwa wameshatawanyika.

Kwa hiyo kijiji kina la kusimulia mpaka mwakani. Vipimo vya mwisho, vya mwanzo wa mwezi kabla ya sikukuu, vilikuwa safi. Nitafika Sendai tarehe kumi Desemba. Mwambie shemeji aanike godoro.

Takehiro

*

Kuwanotani, 3 Desemba

Dada,

Mama mzima. Salamu ziishie hapo.

Barua ya juzi ilikuwa nusu. Kabla sijakimbia, baba mdogo alileta vile vikombe vya sura za vinyago, kikiwemo kile chenye tundu unaloziba kwa kidole. Ile pia ya kuchagua mnywaji ikazungushwa, ikalala imenielekea mimi. Akakijaza akaniwekea mkononi mwenyewe. Unakijua kikombe kile. Hakiwekwi chini, ukiachia kidole kinamwagika kwenye mkeka, mbele ya wote, siku ya zamu ya nyumba yako. Kukiondoa mkononi kuna njia moja.

Ningesema neno moja: dada anakufa na ini langu ndilo dawa. Kila mtu pale angekiweka kikombe chake chini, na baba mdogo angenipigia magoti. Neno lilikuwa hapa ulimini. Lakini uliandika usimwambie mtu, ukaandika tena na tena, na mimi barua ile sikuichoma, ninayo. Nikanywa.

Nikanywa na cha pili. Cha sita ndipo nikakimbia, si kwa sababu ya hamu, kwa aibu. Na niliporudi wameondoka, nyumba ilikuwa imejaa mabaki. Nimekunywa kila jioni tangu siku ile mpaka Jumapili hii. Asubuhi nakimbia, jioni nakunywa. Nilidhani vitu hivyo viwili haviwezi kukaa ndani ya mtu mmoja. Vinakaa vizuri tu.

Tangu Jumapili sijagusa. Sitagusa. Tarehe kumi nitapanda treni. Wakiniuliza nitasema sijaonja tangu Aprili, na nitasema huku nikiwatazama machoni. Ulimi wa asali, wewe mwenyewe ulisema. Wakiniambia hatari imeongezeka, hiyo ni hatari ya kwangu, nitaibeba. Wewe kazi yako ni kunyamaza tu. Ukinyamaza utaishi.

Sijui kwa nini nimekuandikia. Nadhani nilitaka abaki mtu mmoja ambaye sijamdanganya.

Takehiro

*

Sendai, 7 Desemba

Mdogo wangu mpenzi,

Theluji imeanguka tangu jana. Nimerudi wodini, na Nobuyuki kaingia sasa hivi na theluji mabegani. Leo kichwa changu kiko wazi kabisa, ni moja ya siku nzuri, ndiyo maana naandika haraka.

Nimewaambia.

Barua yako ilifika asubuhi. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya mto, nikanyamaza kama ulivyoniambia. Nilinyamaza mpaka saa sita. Usidhani ilikuwa rahisi, na usidhani mimi ni mtu mwema. Nataka kuishi. Nataka kumwona mama tena akiwa amekaa na miguu kwenye beseni. Nilikaa pale nikijiambia ni vikombe vichache, wiki chache, vijana hukatwa maini na kesho wanacheza mpira. Nilijipa kila hoja, na hoja zangu ni nzuri, nimezifanyia kazi ya maisha. Lakini wanakata zaidi ya nusu ya ini lako, Takehiro. Kilichobaki lazima kiote upya, na pombe ndiyo kitu kinachoweza kukizuia kuota. Ningeamka ndani yangu mna kipande chako, na wewe hupo. Nikabonyeza kengele nikamwita daktari.

Hakukasirika. Kasema ukae mkavu, upimwe upya mwishoni mwa Januari, na uje ukae huku, upimwe damu mara kwa mara. Nikamuuliza kama ninayo hiyo Januari. Alirekebisha kwanza bomba la dawa. Kasema wapo waliofika.

Kisha nikampigia baba mdogo. Nimemwambia yote, na mama nimemwambia. Nilikuwa nimekufunga mdomo nikidhani nakulinda uweze kusema hapana, kumbe nimekuacha peke yako kati ya watu hamsini. Kosa hilo ni langu, nililifanya nikiwa na akili timamu. Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Nilimwekea mkononi mimi." Alirudia hivyo tu. Ukimwona, usimkimbie. Panda naye treni kama atataka.

Sasa lililo kubwa, lisome polepole. Nimefanya hivi leo kwa sababu leo bado ninaweza. Keshokutwa au wiki ijayo sumu itapanda tena, na utakapofika utamkuta mwanamke mwingine kitandani mwangu. Ana sauti yangu na anajua siri zetu zote. Atakulilia. Atakuambia umwambie daktari kwamba dada yako alichanganyikiwa, kwamba hukunywa hata tone, kwamba kipande hicho akipewe sasa hivi. Anaweza kukushika miguu. Atakuwa anasema kweli kwamba anataka kuishi, hilo mimi na yeye sote tunalitaka. Mfute machozi, mpe maji, kaa naye.

Lakini usimtii. Mwambie umeshaongea na dada yako.

Chizuru